Ndugu wa Mzee Romani

Shamimu alikuwa hodari wa kudharau watu, na kazi yake ilimletea watu wa kudharau kila kukicha. Alikuwa afisa ustawi wa jamii katika hospitali moja ya Temeke. Ofisi yake ilikuwa chumba kilichowahi kuwa stoo ya madekio na ndoo, na harufu ya dawa ya chooni haikuwahi kuhama humo. Hapo ndipo yalipoishia majina ya watu ambao hospitali ilikwisha kuwatibu na hakuna aliyekuja kuwachukua: mabinti waliojifungua wakakimbiwa, vichaa waliotulia, na wazee. Wazee zaidi.

Ndugu za wazee aliwajua hata kabla hawajafungua mdomo. Walikuwa wakija wakinukia marashi, funguo za gari zinaning'inia kidoleni, na uongo wao haukuwa hata na ufundi. "Tulikuwa safari, sista." "Simu yangu iliingia maji." "Mie nilijua braza keshakuja kumchukua." Chuoni walimfundisha kwamba mtu wa ustawi hamhukumu mtu. Alilijibu swali hilo vizuri sana kwenye mtihani, kisha akalisahau. Ndugu hao aliwasikiliza amekunja midomo, wakimaliza akawapa maneno yao mpaka wakatoka na mzazi wao mkononi, wamenywea kama walioloweshwa. Katika kazi nzima, hiyo ndiyo raha aliyokuwa nayo.

Mzee Romani aliletwa na mwanamke mmoja kwa bajaji, sukari imempanda hadi hajitambui na kidole gumba cha mguu kimeoza. Mwanamke alisema yeye ni jirani tu. Akaacha namba ya simu, akauliza choo kiko wapi, na ikawa ndiyo kwaheri. Namba ilikuwa ya fundi friji wa Mbeya, ambaye hakumjua Romani yeyote na alianza kutukana alipopigiwa mara ya tatu.

Madaktari walikikata kidole, sukari ikashuka, kidonda kikaanza kukauka, mzee akaambiwa anaweza kwenda nyumbani. Hapo kazi ya madaktari ikaisha na ya Shamimu ikaanza.

"Shikamoo, Babu," alimsalimia, akivuta stuli karibu na kitanda.

Mzee hakuitikia. Alikuwa mrefu, mweusi tii, mwenye viganja vipana vilivyojaa makovu madogo madogo. Alimtazama kuanzia viatu, akapanda taratibu hadi ushungi.

"Wewe ndiyo nani?"

"Naitwa Shamimu. Mie wa ustawi wa jamii. Nataka tuongee habari za ndugu zako, ili..."

"Ustawi," mzee alilitamka kana kwamba ni jina la ugonjwa. "Naomba maji ya moto nioge, naletewa ustawi. Sina ndugu."

"Kila mtu ana ndugu, Babu."

"Basi kawatafute wa kwako."

Ikawa hivyo kila siku. Sista Najma, msimamizi wa wodi ya wanaume, alikuwa hamalizi asubuhi bila kuchungulia kwenye ile stoo. "Shamimu, wagonjwa wangu wanalala wawili wawili, na yule mzee wako kajinyoosha peke yake analalamika wali hauna chumvi. Mtoe!" Na mzee kweli alilalamika. Wali ulikuwa chakula cha bata. Manesi walitembea kama wanaokwenda harusini. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikoroma kishamba.

Shamimu alimpenda kwa hilo. Aliona kwamba kiburi kile ndicho kitu pekee alichobakiwa nacho mtu aliyetupwa, na kila mzee alivyozidi kutukana ndivyo yeye alivyozidi kuwachukia wanawe, ambao hakuwa amewaona. Alikwisha kuwachora kichwani: nyumba ya vigae, geti la chuma, mke mwenye kucha za bandia. Alikuwa na hotuba yao tayari.

Aliyemfungulia njia alikuwa Albano, mchonga vinyago wa Mwenge, aliyekuja kumtazama mjomba wake kitanda cha jirani. Albano alisimama ghafla na hotpoti mkononi, akamkazia macho yule mzee aliyelala, kisha akamfuata Shamimu kwenye korido.

"Yule si Romani? Kaka yule alikuwaga fundi, we acha tu. Wazungu walikuwa wanapanga foleni kwake. Kumbe bado mzima?"

"Ana watoto?"

Albano akasita. "Anao wawili. Yule wa kiume, Ferdinand, ana duka la vifaa vya ujenzi huko Bunju. Mkubwa tu." Akatazama hotpoti yake. "Lakini sista, mie sitaki nitajwe."

Shamimu hakuuliza kwa nini hataki kutajwa. Aliposikia duka la vifaa vya ujenzi, hakuhitaji kusikia zaidi.

Siku iliyofuata alikwenda Bunju. Nyumba ilikuwa ya vigae, geti la chuma, kama alivyoichora, na hilo lilimtia furaha mbaya. Mwenye kucha za bandia tu ndiye aliyekosekana. Mke, Flaviana, alikuwa mwanamke mpole mwenye unga mikononi, akamkaribisha sebuleni na kumletea maji. Ferdinand akatoka chumbani, mtu wa makamo, mrefu, mwenye viganja vipana. Nyuma yake akaja dada yake, Eufrazia, mwembamba, akakaa mwisho wa kochi bila kusema kitu.

Shamimu hakugusa maji. Akaitoa hotuba yote. Aliwaambia kwamba ameona magari mawili hapo nje, na kwamba baba yao anavaa gauni la hospitali lisilofungika mgongoni. Aliwaambia kwamba mgonjwa mwenzake, mpakua mizigo wa bandarini, hana kitu, lakini watu wake hawapungui kitandani. Aliwaambia kwamba katika kazi yake amekutana na wanyama wa kila aina, na kwamba wabaya zaidi ni wale wenye masofa.

Ferdinand alimwacha amalize. Hata alipomaliza, alisubiri kidogo, kama mtu anayehakikisha kwamba mvua imekatika kweli.

"Basi?" akauliza.

"Basi."

"Sasa nisikilize na mie. Sie tulikuwa tunakaa Kiwalani. Mama alikuwa na kansa, hawezi hata kugeuka. Siku moja asubuhi akaja mtu na mafundi wawili, wakapanda juu, wakaanza kung'oa mabati. Tukadhani wamekosea nyumba. Yule bwana akatuonyesha karatasi: baba kauza. Kauza na mabati, na milango, na mama akiwa ndani. Yeye keshahama na mwanamke wa Mbagala. Mie nilikuwa darasa la saba. Huyu," alimwonyesha dada yake, "alikuwa anashika mwavuli juu ya mama, jua lile, mpaka majirani walipokuja kumbeba. Alifia kibarazani kwa watu."

Eufrazia alikuwa anatazama glasi ya maji.

"Pole sana," alisema Shamimu. Lilikuwa neno la chuoni, na lilitoka kama la chuoni.

"Ngoja, sijamaliza. Tulikuja kwenu. Ustawi. Alikuwepo mama mmoja mnene, ana feni mezani. Akatusikiliza hivi, anakula karanga. Unajua alituambia nini? Tumfuate baba tukamwombe radhi, kwa sababu mtu mzima hawezi kukasirika hivyo bila watoto kumkosea." Ferdinand akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Wakati ule nyie hamkupanda magari kumtafuta yeye. Leo kidole kimekatwa, mmetupata Bunju. Kunywa maji, sista, halafu nenda."

Shamimu aliinuka, maji hakuyanywa. Njia nzima ya kurudi alijaribu kumdharau Ferdinand, akashindwa. Akajaribu kumdharau yule mama wa karanga, ikawezekana kwa urahisi sana, mpaka alipokumbuka hotuba yake mwenyewe ya muda mfupi uliopita, aliyoitoa bila kuuliza swali hata moja.

Mzee Romani alikuwa ameketi kitandani, anachokonoa meno kwa njiti.

"Nimetoka kwa Ferdinand," Shamimu alisema. Hakusema shikamoo.

"Ehe. Kanenepa?"

"Ni kweli uliuza nyumba mke wako akiwa ndani anaumwa?"

Alitegemea atakana. Alitamani akane, angalau apate kumshika na uongo. Mzee akaitoa njiti mdomoni, akaitazama.

"Nyumba ilikuwa yangu. Niliijenga kwa mikono hii. Mke alikuwa anakufa, mie nilikuwa bado hai. Ulitaka nikae pale nimtazame?"

"Na watoto?"

"Wamekufa? Si umesema mmoja ana duka?" Akairudisha njiti. "Binti, wewe si hakimu. Wewe kazi yako kunitafutia pa kulala. Fanya kazi yako."

Shamimu alitoka wodini. Alikwisha kukutana na walevi waliowachoma watoto wao kwa sigara, na hata wao walilia mbele yake, walau kwa kuigiza. Huyu hakuona hata haja ya kuigiza. Na jambo lililomuudhi kupita yote ni kwamba mzee alisema kweli: kazi yake ilikuwa kumtafutia pa kulala.

Alipeleka habari kwa mkuu wa kitengo, Bwana Mudathir. Huyu alikuwa mtu wa warsha. Alikwisha kuhudhuria warsha Morogoro, Dodoma na Bagamoyo, kamba za vitambulisho vyake zilining'inia ukutani kama ushanga, na mgonjwa alimwita mteja. Shamimu alikuwa akimdharau tangu wiki ya kwanza.

"Huyo mteja ana familia," alisema Bwana Mudathir. "Familia ina uwezo. Sasa tatizo liko wapi?"

"Hawamtaki, bosi. Na wana sababu. Naomba tuwaandikie makao ya wazee."

"Makao yamejaa, na wenye watoto hawapokelewi kirahisi. Wewe unajua." Akajiegemeza. "Wiki ijayo tuna ugeni kutoka wizarani. Sitaki waone watu wamelala chini wakati kitanda kimekaliwa na mtu mzima wa afya. Chukua gari, mpeleke. Mshushe getini, gonga, geuza gari. Watoto wa Kiafrika hawawezi kumwacha baba yao barabarani. Watu wataona."

Hilo halikuwa jipya. Lilikuwa likifanyika, ingawa hakuna aliyeliandika popote. Na Shamimu, tuseme ukweli wake, hakupinga kwa nguvu. Alisema "lakini" mara mbili, kisha akaenda kumwambia Badru dereva awashe gari. Moyoni alijiambia kwamba amekwisha kuchoka na mzee yule, na kwamba akishashushwa getini atakuwa mzigo wa mtu mwingine.

Walifika Bunju mchana, watu wametoka misikitini, mtaa umechangamka. Badru alimshusha mzee kwenye kiti cha magurudumu, akamsogeza mbele ya geti, akagonga. Dirisha dogo la geti likafunguliwa, uso wa Eufrazia ukaonekana. Aliutazama ule uso wa kwenye kiti. Dirisha likafungwa.

Badru akarudi kwenye usukani. "Twende, sista?"

Shamimu alikuwa ameshika mlango wa gari. Kabla hajajibu, mzee alianza.

Shamimu hakuwa amewahi kumsikia akilia, hata siku walipokuwa wakimsafisha kidonda bila ganzi ya kutosha. Sasa alilia kwa sauti iliyojaa mtaa mzima. "Wanangu! Ferdinand, mwanangu! Nimekukosea nini mie baba yako? Jamani Waswahili wenzangu, nioneni mzee mwenzenu, nimelea, nimesomesha, leo natupwa kama maganda!" Akaunyanyua mguu wenye bandeji ili watu wauone vizuri.

Watu wakaja. Wakatoka dukani, wakatoka saluni, wakashuka kwenye bodaboda. Simu zikatolewa. "Ndiyo wale wenye duka la hadiwea?" "Ndiyo hao, na kanisani wanakaa mbele!" Mama mmoja akalipiga geti teke. Mwingine akamvua mtoto wake kofia akamkinga mzee jua. Na mzee, katikati ya kilio, alimtupia Shamimu jicho moja kavu, la mtu anayetaka kujua kama mwenzake anaona kazi inavyokwenda.

Kulikuwa na kitu kimoja tu cha kufanya ili Shamimu ashinde: kunyamaza. Angegeuza gari, na kabla ya magharibi geti lingefunguliwa, si kwa huruma, kwa aibu. Kitanda kingepatikana, bosi angefurahi, wageni wa wizara wangeona wodi safi. Ndani ya geti lile alikuwemo mwanamke aliyewahi kushika mwavuli juu ya mama yake, na sasa mtaa mzima ulikuwa unamwita shetani. Na aliyeuleta mtaa ni yeye, Shamimu, kwa gari la hospitali.

"Badru, shuka," alisema. "Mrudishe ndani ya gari."

"Sista, si bosi kasema..."

"Mrudishe!"

Mzee alinyamaza papo hapo. "Wewe una wazimu? Walikuwa wanakaribia kufungua."

Kundi halikuelewa. Shamimu alijaribu kusema, "Jamani, tumekosea, rudini makwenu, hapa hakuna kosa la mtu," lakini maneno hayo yalikuwa mabaya kuliko kunyamaza. Akawa yeye ndiye shetani. Ustawi gani huu! Kahongwa! Anamteka mzee mchana kweupe! Yule mama aliyepiga geti teke alitema mate, yakamfika Shamimu kwenye mkono wa baibui. Simu zote zikageukia uso wake.

Kabla hajafika Temeke, uso huo ulikwisha kumtangulia. Mama yake mzazi aliuona kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, akampigia. "Mwanangu, ndiyo wewe unayemnyang'anya mzee wa watu kwa wanawe? Nilikwambia usome ualimu." Shamimu akaeleza, mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema ni sawa, lakini baba ni baba, na simu ikakatwa.

Bwana Mudathir hakupiga kelele. Alimuuliza tu, kwa upole wa warshani, kama anajiona anafaa kweli kwenye fani hii. Shamimu alizitazama zile kamba ukutani.

"Sijui, bosi," alisema. "Lakini mie sitamshusha tena getini. Ukitaka, panda gari umshushe wewe."

Bwana Mudathir hakupanda gari. Watu wa namna yake hawapandi. Wageni wa wizara walikuja, wakamkuta Mzee Romani kitandani, na mzee akawaambia kwamba chakula ni cha bata na afisa ustawi ni kichaa. Mmoja wao, mama mtu mzima mwenye miwani, akamuuliza Shamimu mbele ya wote kwa nini mtu huyu bado yuko hapa. Shamimu akaeleza yote, pamoja na habari ya geti, bila kumtazama bosi wake. Yule mama alishusha pumzi kama mtu aliyekwisha kusikia habari hiyo mara nyingi, na hakuahidi kitu. Lakini baada ya muda nafasi ikatokea kwenye makao ya wazee huko Kigamboni, na kwa mara ya kwanza barua ya Shamimu ya kumwombea mtu nafasi haikurudishwa.

Asubuhi ya kuondoka, Eufrazia alitokea mlangoni mwa wodi. Alikuwa amesikia kwamba mzee anahamishwa, akaja peke yake. Alisimama pale pale kizingitini, mfuko wa shati jipya na suruali mkononi, akimtazama baba yake kwa mbali anavyobishana na nesi juu ya chai. Alimtazama kwa muda mrefu. Usoni hakuwa na hasira wala huzuni.

"Ni mdogo hivi?" alimuuliza Shamimu. "Mie siku zote nilikuwa namkumbuka mkubwa."

"Unataka kumsalimia?"

"Hapana." Akampa mfuko. "Asiende kwa watu na lile gauni. Usimwambie zimetoka kwangu." Akaandika namba yake ya simu kwenye kiganja cha Shamimu kwa kalamu, akaondoka.

Mzee alilivaa shati, akavuta kola, akasema ni kubwa. Hakuuliza limetoka wapi. Njia nzima ya kwenda Kigamboni alimlaumu Badru kwa matuta. Makao yalikuwa na uwanja uliofagiwa na chumba cha vitanda vitatu, na kabla karatasi hazijasainiwa mzee alikwisha kudai kitanda cha dirishani, na mzee mwingine aliyekilalia akahamishwa. Shamimu alieleza habari ya sukari, dawa, kidonda, viatu vya kuvaa. Alieleza mara mbili, kwa mlezi wa zamu na kwa yule wa usiku, kwa sababu alijua kwamba mtu asiyependwa na mtu ndiye anayesahauliwa kwanza wakati wa dawa. Alipoaga, mzee alikuwa amegeukia dirishani.

Jioni, akiwa amesimama kituoni na miguu inamuuma, alipiga ile namba.

"Keshafika?" aliuliza Eufrazia.

"Keshafika. Chumba kizuri. Kapata kitanda cha dirishani."

"Ah." Nyuma yake palisikika sufuria, maji yakimwagwa. Kisha, polepole: "Hakuniulizia?"

Katika kazi ile Shamimu alikwisha kusema uongo mwingi wa kufariji. Aliwaambia wazee kwamba watoto wao wamepiga simu, aliwaambia watoto kwamba baba amekufa akiwataja. Uongo wa namna hiyo ulimjia haraka kuliko shikamoo. Ulikuja na sasa, ukafika mpaka ulimini.

"Hapana," alisema. "Hakukuulizia."

Eufrazia akatoa sauti ambayo Shamimu hakuweza kujua ni ya kucheka au ya nini.

"Asante," alisema. "Ningesikia kataja jina langu, nadhani ningekwenda kwake."